Safari ya Sufuria

Msomaji, vitabu vya historia hupenda kutusimulia habari za wafalme, vita, mabaharia na mikataba. Hayo ni mambo makubwa, na yatupasa kuyajua. Walakini wafalme hao walikula, mabaharia hao walipika, na askari hao hawakwenda vitani kwa tumbo tupu. Nyuma ya kila jambo lililoandikwa palikuwa na moto, na juu ya moto palikuwa na chombo. Habari za chombo hicho ndizo nitakazokueleza hapa, nami naamini kwamba utakapofika mwisho hutaitazama tena sufuria ya nyumbani kwenu kama kitu kisichokuwa na historia.

Mtu aendaye sokoni kununua sufuria huwa na maswali mawili moyoni. La kwanza, bei yake ni kiasi gani? La pili, itadumu muda gani? Maswali hayo mawili hayapatani daima. Kitu kidumucho aghalabu ni ghali, na kitu cha bei ndogo aghalabu hakidumu. Wahenga walituonya kwamba rahisi huvunja upishi, lakini hawakusema kwamba kila kilicho ghali ni chema. Hapana budi mnunuzi apime mwenyewe. Watu wa pande zetu wamekuwa wakipima hivyo kwa karne nyingi, na majibu makuu waliyoyapata ni matatu: udongo, shaba, na alumini. Tuyatazame moja baada ya jingine, nawe uangalie jambo moja katika kila jibu: ni nani aliyekuwapo karibu wa kukitengeneza chombo kilipoharibika, au wa kufanya kingine mahali pake? Utaona kwamba umri wa chombo haukutegemea kitu kilichokifanya tu. Ulimtegemea fundi pia.

Jibu la kwanza lilikuwa udongo. Katika nchi ya Siaya, si mbali na Ziwa Victoria, pana mahali paitwapo Urewe. Hapo vilipatikana vyungu vya kale sana, vingine vikiwa na kishimo kidogo kilichobonyezwa kitakoni. Habari zake zilichapishwa mwaka 1948 kwa majina ya W. E. Owen, Mary Leakey na Louis Leakey, na tangu hapo vyungu vya namna hiyo, popote vinapofukuliwa katika nchi za Maziwa Makuu, huitwa kwa jina la Urewe. Pwani nako mambo ni hayo hayo. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, mji uliokaliwa tangu karne ya 8 mpaka karne ya 15, wachimbuzi wa miaka ya 1980 walifukua vigae kwa wingi. Vichache vilitoka China na Uajemi, lakini vingi sana vilikuwa vya vyungu vilivyofinyangwa hapa hapa. Basi wenye majumba ya mawe, waliokula katika sahani za ng'ambo, chakula chao kilipikwa katika udongo wa nyumbani.

Usidhani kwamba kufinyanga chungu cha kupikia ni kazi ya mtu asiye na elimu. Udongo mtupu ukitiwa motoni hupasuka. Kwa hiyo wafinyanzi, ambao katika jamii nyingi za Kenya walikuwa wanawake, waliuchanganya na mchanga, na mahali pengine na vigae vya vyungu vya zamani vilivyotwangwa. Chembe hizo huuzuia ufa usiendelee mbele. Chungu kilichovunjika kiliingia hivyo katika mwili wa chungu kipya. Tena kitako cha chungu kilifanywa cha mviringo, kwa sababu mviringo hauna pembe ambapo ufa huanzia, nao hukaa vizuri juu ya mafiga matatu. Ndipo tuliposikia kwamba jifya moja haliinjiki chungu. Methali hiyo hutufunza ushirikiano, lakini asili yake ni jambo la kweli la jikoni.

Chungu kilikuwa na fadhila zake. Hushika moto polepole na huuacha polepole, na kwa hiyo ni chema kwa maharagwe, kunde, na mahindi yanayotaka kuchemka kwa saa nyingi. Aibu yake kubwa ilikuwa moja: kikianguka, basi. Hata hivyo watu hawakulia sana, maana mfinyanzi alikuwa kijiji cha pili, na katika jamii kadha bei ya chungu ilikuwa nafaka ya kukijaza. Mjaluo alikiita agulu, Mkikuyu akakiita nyũngũ, na kila mmoja alijua njia ya kwenda kwa mfinyanzi. Chungu kimoja hakikudumu, lakini ufinyanzi ulidumu, na kwa kuwa ulidumu, nyumba haikukosa cha kupikia.

Jibu la pili lilikuja na biashara ya bahari. Neno sufuria lenyewe limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni jina la shaba. Katika miji ya pwani sufuria ya shaba ilikuwa mali. Shaba hupitisha moto upesi na kuueneza sawasawa, hata wali haukauki upande mmoja na kubaki maji upande wa pili. Ikianguka hubonyea, haivunjiki. Na ikibonyea, fundi huigonga ikarudi. Sufuria kubwa ya karamu iliweza kumpikia bibi na baadaye kumpikia mjukuu. Ukitazama umri wake, utasema hili ndilo jibu bora kuliko yote.

Lakini ngoja kidogo. Shaba ikipatana na vitu vichachu, kama ndimu, siki au ukwaju, huyeyuka kidogo kidogo na kuingia katika chakula, nayo huota kutu ya rangi ya kijani iliyo sumu. Kwa sababu hiyo sufuria ya shaba ilipakwa bati ndani. Shaba huyeyuka kwenye moto wa nyuzi 1085 za Selsiasi, bali bati huyeyuka kwenye nyuzi 232 tu. Mpishi akiisahau sufuria tupu motoni, bati hutoka. Hata asipoisahau, mwiko na mchanga wa kusugulia huliondoa bati mwaka baada ya mwaka. Ndipo sufuria hupelekwa kwa fundi ikatiwe bati upya. Kwa hiyo bei ya sufuria ya shaba haikwisha siku ya kununuliwa. Iliendelea kulipwa maisha yake yote. Mtu aliyekuwa na sufuria ya shaba na fundi karibu alikuwa tajiri. Aliyekuwa na sufuria hiyo hiyo mbali na fundi alikuwa na hatari juu ya moto wake.

Jibu la tatu ni lile lililo jikoni mwenu leo, na safari yake ni ya ajabu. Alumini ni madini yaliyo tele duniani: katika gamba la nje la dunia hakuna metali iliyo nyingi kuipita. Ila imefungamana na vitu vingine katika mawe na udongo, na kuitoa humo kulikuwa kazi ngumu mno. Mwaka 1825 Hans Christian Ørsted wa Denmark alipata kipande kidogo. Mwaka 1854 Mfaransa Henri Sainte-Claire Deville alivumbua njia ya kupata nyingi zaidi, lakini bei ilikuwa bado ya kutisha. Mwaka 1884, Wamarekani walipomaliza mnara wa kumkumbuka George Washington, waliweka juu ya kilele chake kijipande cha alumini cha uzito usiotimia kilo 3, kama vile watu wengine wangeweka fedha au dhahabu. Fikiri, msomaji: kitu ambacho leo huchemshia chai kilikuwa pambo la kilele cha mnara wa taifa.

Miaka miwili baadaye mambo yaligeuka. Mwaka 1886 vijana wawili wasiojuana, Charles Martin Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, kila mmoja kwa juhudi zake, waligundua njia moja: kuyeyusha unga wa oksidi ya alumini katika madini mengine ya moto na kupitisha umeme ndani yake. Wote wawili walizaliwa mwaka 1863, na wote wawili wakafa mwaka 1914. Bei ya alumini ilianguka kama jiwe, na kitu kilichokuwa cha wafalme kikashuka mpaka jikoni. Uzito wake hauzidi theluthi moja ya uzito wa shaba iliyo sawa nayo kwa ukubwa. Haishiki kutu kama chuma. Na hupitisha moto vizuri, ijapokuwa haifikii shaba.

Hata baada ya hapo sufuria haikuwa mbali na mambo ya wakubwa. Mwezi wa Julai 1940, Uingereza ilipokuwa ikipigana na Ujerumani, Lord Beaverbrook, waziri wa utengenezaji wa ndege, aliwaomba wanawake wa Uingereza watoe sufuria zao za alumini ziyeyushwe zifanywe ndege. Sufuria nyingi sana zilitolewa. Vita vilipokwisha mwaka 1945, alumini iliyokuwa ikitakiwa kwa ndege ilitafuta kazi nyingine, na kazi mojawapo ilikuwa kurudi jikoni.

Je, ilifikaje kwetu? Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Kandokando ya reli yalisimama maduka, mengi yakiwa ya Wahindi, na katika maduka hayo vyombo vya madini vilifika bara kwa wingi usioonekana kabla. Neno karai, tulitumialo kila siku, limetoka katika lugha za Kihindi. Debe la mafuta ya taa nalo, likiisha mafuta, lilitekwa maji na kuchemshiwa chakula.

Lakini maduka peke yake hayangekiondoa chungu. Kilichokiondoa ni mji. Mfanyakazi aliyepanga chumba kimoja Nairobi au Mombasa hakuwa na mahali pa mafiga matatu wala kuni za kutosha. Alipikia makaa katika jiko la bati, na juu ya jiko hilo kitako cha mviringo huyumba, bali kitako bapa hutulia. Tena aliyehama chumba kwa chumba alitaka vyombo vyepesi vinavyoingiana, kikubwa kikimeza kidogo, visivyovunjika njiani. Sufuria ya alumini, yenye kitako bapa na ukingo uliokunjwa nje pasipo mikono, ilitimiza haja hizo zote. Kabla ya uhuru wa mwaka 1963 palikuwa tayari na kiwanda Mombasa, kilichojulikana kwa jina la Kaluworks, kilichofanya vyombo vya alumini hapa hapa nchini. Ndipo sufuria ilipoacha kuwa mgeni.

Kila mabadiliko huwa na anayelipa. Katika mabadiliko hayo aliyelipa ni mfinyanzi. Wanunuzi wa vyungu vya kupikia walipungua, na binti za wafinyanzi wengi hawakuona sababu ya kujifunza kazi ya mama zao. Mtungi wa maji ulisalia mahali pengi, kwa kuwa udongo huyapoza maji na sufuria haiwezi. Lakini chungu cha mboga na cha maharagwe kilirudi nyuma. Wahenga walisema kwamba mfinyanzi hulia gaeni. Siku hizo hata hicho kigae kikawa cha shida.

Alumini ilileta pia swali jipya ambalo udongo haukuwa nalo. Bamba la alumini laweza kufanywa nene au jembamba, na macho ya mnunuzi hayatambui upesi. Sufuria mbili zaweza kulingana kwa upana, kwa kimo na kwa kung'aa, kumbe moja ina uzito mara mbili ya nyingine. Ile nyembamba hupata moto mahali pamoja, chakula kikaungua katikati na kubaki kibichi pembeni. Kitako chake hubenuka, kikawa hakitulii jikoni. Na ugali, ambao hupikwa kwa nguvu za mkono na mwiko, huisumbua hata ikatoboka kabla ya wakati wake. Kwa hakika kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na sufuria mbaya hujitembeza kwa kung'aa.

Hapa yafaa tutumie hesabu uliyojifunza darasani. Tuseme, kwa mfano tu, sufuria nyembamba huuzwa shilingi 300 nayo hudumu miaka 2, na nene huuzwa shilingi 900 nayo hudumu miaka 15. Ya kwanza humgharimu mwenyewe shilingi 150 kila mwaka. Ya pili shilingi 60. Aliyelipa kidogo dukani ndiye aliyelipa zaidi maishani. Lakini tusimcheke. Mtu mwenye shilingi 300 mkononi, na watoto wenye njaa nyumbani, hana njia ya kununua cha shilingi 900. Umaskini ni ghali kwa namna hiyo, na ndiyo sababu akina mama wengi wamejiunga katika vyama vya kuchangiana fedha, kila mmoja apate kwa zamu yake kile ambacho mfuko wake peke yake usingeweza.

Basi tumrudie fundi. Alumini nayo imempata wake. Ni yule mfanyakazi wa jua kali, aliyeitwa hivyo kwa kuwa alifanya kazi nje, juani, pasipo paa. Mwaka 1972 Shirika la Kazi la Kimataifa lilitoa taarifa kuhusu Kenya, ikaonyesha kwamba watu wa kazi kama hizo, waliokuwa wakidharauliwa na kufukuzwa, walikuwa nguzo ya uchumi. Mwaka 1992 serikali ilitoa Waraka Nambari 2 uliohusu kuziendeleza kazi za jua kali. Ukienda Kamukunji, Nairobi, utasikia nyundo kabla hujawaona wenye kuzishika. Hapo bamba hukatwa, hukunjwa, na kuwa sufuria, karai, sanduku au jiko. Sufuria iliyotoboka hutiwa kiraka, au hupewa kitako kipya kabisa. Fundi huyo ndiye aliyeshika nafasi ya mfinyanzi wa kale na ya yule aliyetia bati: ndiye mwenye kuurefusha umri wa chombo.

Walakini kuna jambo la kuliangalia kwa makini. Kukunja bamba safi ni kazi moja. Kuyeyusha vyuma chakavu vya kila aina na kuvisubu viwe sufuria ni kazi nyingine. Katika vyuma chakavu huweza kuchanganyika risasi, nayo ni sumu inayodhuru akili za watoto, hata ikiwa kidogo. Mwaka 2017 wataalamu walichapisha matokeo ya kupima vyombo 42 vya alumini kutoka nchi 10. Walivichemsha kwa saa 2 pamoja na maji yenye uchachu, wakaona vyombo 15 vimetoa risasi kiasi cha kuhesabika katika kila kipimo cha chakula. Jambo hili halimtii hatiani fundi, ambaye hana mizani ya kuona kilicho ndani ya chuma chake. Ila latuonyesha kwamba bei ndogo na umri mrefu havitoshi. Chombo cha chakula sharti kiwe salama pia, kama watumiaji wa shaba walivyojua zamani.

Pengine utauliza kuhusu chuma kisichoshika kutu, ambacho Mwingereza Harry Brearley alikifanya huko Sheffield mwaka 1913. Ni chombo kigumu, hakidhuriwi na ndimu wala nyanya, na chaweza kudumu sana. Kasoro yake ni kwamba hupitisha moto vibaya. Kwa hiyo sufuria nzuri za namna hiyo huwa na kitako kinene chenye tabaka la alumini au shaba ndani yake. Bila tabaka hilo, uji utashika chini hata kama umelipa fedha nyingi.

Sasa tuyakusanye mafunzo ya safari hii ndefu. Utakapotumwa kununua sufuria, usianze kwa kuitazama; anza kwa kuiinua. Uzito husema kweli kuliko mng'ao. Bonyeza kitako kwa dole gumba. Kikiingia ndani, irudishe. Iweke mahali palipo sawa uone kama yatulia. Kama ina mikono, tazama misumari iliyoishika, maana huko ndiko huanza kulegea. Chagua kifuniko kinacholingana nayo, kwa sababu sufuria isiyofunikwa hula makaa, na makaa ni fedha. Uliza ilitoka wapi, na ile iliyosubiwa kwa vyuma usivyovijua iache.

Ukishaipata, itunze. Usilaze humo nyanya, ndimu wala maziwa lala usiku kucha. Usiisugue kila siku kwa mchanga au nyuzi za chuma ili majirani wajione humo kama katika kioo: alumini hujivika utando mwembamba unaoilinda, na kila unapousugua unaondoa utando huo pamoja na sehemu ya sufuria yenyewe. Sufuria safi iliyofifia kidogo ni bora kuliko ile iliyong'arishwa mpaka ikatoboka.

Na itakapotoboka, kama vitu vyote vya dunia vinavyochakaa, usiitupe upesi. Ipeleke kwa fundi. Tangu zama za Urewe, nyumba iliyopikia vyema haikuwa lazima nyumba yenye chombo cha thamani kuu. Ilikuwa nyumba iliyojua chombo chake kilivyofanywa, na iliyomjua mtu wa kukitengeneza.